Mtambo wa michezo ya video unapoganda: Chanzo chake na namna ya kuutengeneza

MTAMBO wa michezo ya video ukiganda mara moja kwa msimu, mwenyewe huuzima, akauwasha tena na kuendelea na mechi yake. Lakini ukiganda kila baada ya nusu saa, hiyo ni dalili ya hitilafu, na chanzo cha hitilafu hiyo aghalabu chaweza kutambuliwa nyumbani bila kufungua hata parafujo moja.

Suala hili lina uzito wake katika Tarbaj, mji ulio kaskazini mwa Wajir kwenye barabara ielekeayo El Wak na Mandera. Nairobi, yaliko maduka makubwa ya vipuri na mafundi waliobobea, iko umbali wa zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Kwa kijana aliyekopa fedha akanunua PlayStation na runinga ili awatoze wenzake shilingi chache kwa kila mechi, mtambo uliopelekwa kwa fundi wa mbali ni sawa na duka lililofungwa.

Isitoshe, mazingira ya Kaskazini Mashariki huwaleta pamoja maadui watatu wakubwa wa mitambo ya aina hii: joto, vumbi na umeme usiotulia. Mtambo ambao ungedumu miaka mingi katika sebule ya London au Nairobi huweza kuanza kulegea mapema katika chumba cha mabati kilicho kando ya barabara ya mchanga.

Kuganda ni nini hasa

Mtambo huhesabiwa kuwa umeganda pale picha inaposimama kwenye runinga, pedi zikakosa kuitikiwa, na sauti ikanyamaza au ikabaki ikirudia mlio mmoja. Ndani yake, prosesa imesubiri taarifa ambayo haikufika, ama imepokea taarifa yenye makosa ikashindwa kuendelea na kazi.

Hali hiyo yapasa kutofautishwa na nyingine nne zinazofanana nayo. Ya kwanza ni pedi kuishiwa na chaji au kupoteza mawasiliano; mchezo huendelea ilhali mchezaji amesimama. Kuunganisha pedi kwa waya, au kujaribu pedi nyingine, humaliza ubishi.

Ya pili ni picha kutoweka huku sauti ikiendelea kusikika. Hapo wa kushukiwa kwanza ni waya wa HDMI, tundu lake, au runinga yenyewe. Ya tatu ni mchezo wa mtandaoni kukwama ilhali menyu ya mtambo ingali inafunguka vizuri. Hilo ni tatizo la intaneti. Ya nne ni mtambo kujizima kabisa, jambo ambalo mara nyingi hutokana na joto kupita kiasi au umeme kushuka.

Daftari kabla ya bisibisi

Kosa la kwanza la wengi ni kukimbilia bisibisi. Fundi mzoefu huanza kwa kuuliza maswali, na mwenye mtambo anaweza kujiuliza maswali hayo hayo kwa kuandika katika daftari, kwa muda wa siku tatu au nne, kila mara mtambo unapoganda: saa ngapi, mchezo gani, baada ya dakika ngapi tangu kuwashwa, na kifaa gani kingine kilikuwa kikitumia umeme wakati huo.

Baada ya siku hizo, mpangilio hujitokeza. Mtambo unaoganda adhuhuri tu, au baada ya muda ulio karibu sawa kila mara, na ukapona ukipumzishwa, unasumbuliwa na joto. Unaoganda katika mchezo mmoja pekee, tena mahali pale pale, una diski iliyochakaa au faili zilizoharibika za mchezo huo.

Unaoganda kila mchezo unapopakia uwanja au ukurasa mpya, una lenzi dhaifu au diski kuu inayokaribia kufa. Unaoganda jirani anapowasha jokofu, pampu ya maji au mashine ya kulehemu, una tatizo la umeme. Na ule unaoganda hata kwenye menyu, bila mchezo wowote, muda mfupi baada ya kuwashwa asubuhi kungali na baridi, una hitilafu ya programu endeshi au ya ubao wenyewe.

Mtambo nao husema. Katika PlayStation 4, namba CE-34878-0 humaanisha kwamba mchezo wenyewe umeanguka, na CE-34335-8 humaanisha kwamba diski kuu haikuweza kufikiwa. Katika PlayStation 5, namba CE-108255-1 hutokea mchezo unapoanguka. Namba hizo ziandikwe daftarini kama zilivyo, kwani humwokolea fundi muda na mteja fedha.

Joto

Kampuni ya Sony imeeleza kwamba PlayStation 4 na PlayStation 5 zimeundwa kufanya kazi katika mazingira ya kati ya nyuzi 5 na 35 za Selsiasi. Wajir ni eneo kame ambalo joto la mchana hufikia au kupita kiwango hicho siku nyingi, hasa katika miezi ya kiangazi kabla ya mvua za Aprili. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, joto la chumba huzidi lile la kivulini nje.

Prosesa inapofanya kazi huzalisha joto jingi. Bamba la chuma lililobanwa juu yake hulipokea joto hilo, na feni hulisukuma nje. Feni haiwezi kuupoza mtambo kupita hewa inayoivuta: hewa ya nyuzi 38 ikiingia, kilichomo ndani hubaki moto zaidi ya hapo. Prosesa ikikaribia mpaka wake wa usalama, hupunguza kasi, mchezo ukaanza kukwamakwama, kisha mtambo ukaganda au ukatoa onyo na kujizima.

Tiba ya kwanza haina gharama. Mtambo uwekwe juu ya meza ngumu, wala si juu ya zulia, godoro au kitambaa, na uachiwe nafasi ya angalau shubiri moja nyuma na pande zote. Usifungiwe ndani ya kabati wala kisanduku cha mbao cha kuzuia wizi kisichokuwa na matundu. Kama kisanduku hakiepukiki, kitobolewe mbele na nyuma ili hewa ipite.

Ratiba nayo ni dawa. Mechi nzito zichezwe asubuhi au baada ya swala ya isha, na mtambo upumzishwe adhuhuri, kipindi ambacho jua huwa utosini. Dari ya maturubai au mikeka chini ya mabati hupunguza joto la chumba. Feni ya mezani iuelekee mtambo kutoka upande unaovuta hewa, isishindane na upande unaotoa hewa moto.

Jambo la kuepukwa ni kuulaza mtambo juu ya barafu au kitambaa kibichi. Unyevu unaotokea juu ya ubao huleta shoti, na gharama yake hupita ile ya feni mpya.

Vumbi

Vumbi laini huvutwa na feni na kujikusanya kati ya mapezi ya bamba la kupozea hadi likawa kama blanketi. Dalili yake ni feni kuvuma kwa sauti kubwa hata katika mchezo mwepesi, huku hewa inayotoka nyuma ikiwa haba.

Usafishaji wa nje wapaswa kufanywa kila wiki mahali penye vumbi jingi. Mtambo uzimwe na kuchomolewa ukutani, kisha matundu yasafishwe kwa brashi kavu yenye nywele laini. PlayStation 5 ina matundu mawili maalumu ya kukusanyia vumbi, yanayoonekana baada ya kuondoa bamba zake za kando, na yanaweza kusafishwa bila kufungua kiini cha mtambo.

Pampu ya baiskeli inafaa kupuliza vumbi mahali ambapo hakuna kopo la hewa. Hewa ya kompresa ya gereji haifai: nguvu yake ni nyingi mno, na mara nyingi hubeba matone ya maji na mafuta. Wakati wa kupuliza, feni izuiwe isizunguke kwa kijiti chembamba, kwa sababu feni inayozungushwa kwa hewa kali huweza kuharibika au kurudisha umeme kwenye ubao.

Kati ya prosesa na bamba la chuma hupakwa dawa ya kupitisha joto. Katika mitambo mingi dawa hiyo hukauka baada ya miaka kadhaa ya joto, ikapasuka kama matope ya bwawa wakati wa kiangazi. Mtambo uliosafishwa vumbi lakini ukazidi kuganda kwa joto huenda unahitaji dawa mpya. Kazi hiyo ni ya fundi. PlayStation 5 hutumia metali ya majimaji badala ya dawa ya kawaida, nayo hupitisha umeme. Tone moja likidondoka mahali pasipofaa, ubao mzima huweza kuungua.

Umeme

Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Marekani hutumia volti 120 na Japani volti 100. Mitambo mingi ya sasa hupokea kati ya volti 100 na 240, lakini baadhi ya ile ya zamani iliyoletwa kutoka nchi hizo haivumilii. Kibandiko kilicho nyuma ya mtambo au chini ya adapta ndicho kitoacho hukumu, na kisomwe kabla ya plagi kuingizwa ukutani.

Sehemu kubwa ya Kaunti ya Wajir iko mbali na gridi ya taifa. Wakazi hutegemea mitambo ya dizeli, jenereta za watu binafsi na sola. Mradi wa kusambaza sola katika kaunti 14 zilizokuwa nyuma kwa umeme, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, uliijumuisha Wajir pamoja na Garissa na Mandera. Kila chanzo kati ya hivyo kina tabia yake.

Jenereta ndogo hupandisha na kushusha volti kadiri mzigo unavyobadilika. Kwa jenereta, mtambo uwashwe mwisho, baada ya injini kutulia, na uzimwe kabla ya injini kuzimwa. Stabilaiza husaidia kusawazisha volti, lakini umeme ukikatika haina akiba. Kifaa chenye betri ya dharura hutoa dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima kwa taratibu.

Kwa sola, mambo mawili huangaliwa. Kwanza ni uwezo wa inveta. PlayStation 5 katika mchezo mzito hula takriban wati 200, nayo runinga huongeza mzigo wake. Inveta ya wati 300 huwa imefika ukingoni. Pili ni ubora wa mawimbi ya umeme. Inveta za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na baadhi ya vifaa vya umeme havitulii navyo. Mtambo unaoganda kwa sola lakini ukatulia kwa umeme wa kituo umekwisha kujieleza.

Betri nayo hupungua nguvu usiku unapoendelea. Daftari likionyesha kwamba mtambo huanza kusumbua mnamo saa nne usiku, wakati chumba kimekwisha kupoa, betri ipimwe kabla ya mtambo kulaumiwa. Vivyo hivyo, nyaya nyembamba za kuongezea urefu zilizounganishwa moja baada ya nyingine zibadilishwe kwa waya mmoja mnene.

Tahadhari nyingine ni kutouacha mtambo katika hali ya kulala usiku kucha. Umeme ukikatika wakati mtambo unaandika taarifa, faili huharibika, na asubuhi kuganda huanza.

Diski, lenzi na hifadhi

Diski isafishwe kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kwa kupangusa kutoka katikati kuelekea ukingoni, si kwa kuzungusha. Mchanga hufanya kazi ya msasa. Diski iliyoachwa nje ya ganda lake siku moja ya upepo hupata mikwaruzo isiyofutika.

PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2000 na ambayo uundaji wake ulikoma mwaka 2013, hujulikana kwa lenzi inayochoka. Ikishindwa kusoma diski moja lakini ikasoma nyingine, kasoro huwa kwenye diski. Ikizikataa zote, lenzi isafishwe kwa pamba iliyoguswa spiriti safi, na ikishindikana ibadilishwe. Nakala haramu za michezo, mbali na kukiuka Sheria ya Hakimiliki ya 2001, huitesa lenzi hiyo kwa sababu mara nyingi hurekodiwa kwenye diski hafifu.

Katika PlayStation 3 na 4, diski kuu ya inchi 2.5 huweza kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kwa kufuata mwongozo. Dalili za diski inayokufa ni mlio wa kugongagonga, michezo kuchukua muda mrefu kupakia, na namba za makosa zilizotajwa awali. Diski iliyojaa hadi pomoni nayo huchelewesha kazi. Michezo isiyochezwa ifutwe ili nafasi ipatikane.

Hali Salama

Baada ya joto, vumbi, umeme na diski kuchunguzwa, zamu huwa ya programu. Hatua moja itangulie nyingine zote: kuhifadhi nakala ya maendeleo ya michezo kwenye flashi. Msimu mzima wa timu iliyojengwa kwa miezi huweza kupotea kwa kubonyeza mahali pasipostahili.

Katika PlayStation 4 na 5, Hali Salama hufikiwa kwa kuuzima mtambo kabisa, kisha kushikilia kitufe cha kuwashia hadi mlio wa pili usikike, yaani baada ya takriban sekunde saba. Pedi huunganishwa kwa waya wa USB, kwani bila waya haitambuliwi. Orodha ya machaguo hutokea, na utaratibu wa kuyafuata ni muhimu.

Chaguo la kwanza huwasha mtambo upya. La tatu husasisha programu endeshi. La tano hujenga upya hifadhidata, na katika PlayStation 5 huambatana na kufuta taarifa za muda. Kujenga upya hifadhidata hakufuti michezo wala maendeleo yake, na ndiko huponya mitambo mingi iliyozimika ghafla kwa kukatika umeme. Chaguo la sita na la saba hufuta kila kitu na yasiguswe ila baada ya mengine yote kushindwa na nakala kuwa tayari.

Mahali ambapo intaneti ni ghali au dhaifu, kusasisha huwezekana kwa flashi. Faili hupakuliwa kutoka tovuti ya Sony kwa kompyuta iliyoko Wajir au Garissa, ikawekwa katika flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT. Ndani yake huundwa folda PS4, ndani yake nyingine UPDATE, na faili hupewa jina PS4UPDATE.PUP, yote kwa herufi kubwa. Kwa PlayStation 5, namba 4 hubadilishwa kuwa 5. Herufi moja ikikosewa, mtambo hudai kwamba haukuona kitu. Izingatiwe pia kwamba faili ya kusakinisha upya ni kubwa kuliko ile ya kusasisha, ingawa zina jina moja.

Kwa Xbox One na zilizofuata, kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa sekunde 10 hadi mtambo uzimike, kisha waya ukachomolewa kwa muda kabla ya kurudishwa. Katika Nintendo Switch, kitufe hushikiliwa kwa sekunde 12 au zaidi.

Funzo la Xbox 360

Historia inao mfano wa kuonya. Xbox 360 iliingia sokoni Novemba 2005, na muda si muda wateja wakaanza kulalamika kwamba iliganda, kisha ikawaka taa tatu nyekundu na kukataa kazi. Julai 2007 kampuni ya Microsoft iliongeza dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kugharimia matengenezo.

Kupata moto na kupoa mara kwa mara kulivunja viungo vidogo vya prosesa ya picha. Wengi walijaribu kuuvika mtambo taulo ili joto liyeyushe viungo vishikane tena. Baadhi ya mitambo iliamka, lakini haikudumu, na mingine ilikufa kabisa.

Funzo hilo lahusu hata leo. Mbinu ya kuuchoma ubao kwa hewa moto hurejesha uhai kwa siku au wiki kadhaa tu. Fundi anayeahidi tiba hiyo aombwe kueleza dhamana yake kabla ya malipo. Mwenye kibanda huenda akalipa mara tatu kwa ugonjwa ule ule, ilhali fedha hizo zingemfikisha nusu ya bei ya mtambo mwingine.

Kwa fundi na dukani

Sanduku la umeme lililo ndani ya mtambo lisifunguliwe na asiye fundi. Kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na zinaweza kumrusha mtu.

Mtambo ukilazimika kusafirishwa kwa basi, diski itolewe ndani, namba ya utambulisho iandikwe na kupigwa picha, na mtambo ufungwe kwa sponji pande zote katika katoni isiyocheza. Ukurasa wa daftari uambatanishwe. Fundi aliyepewa maelezo kwamba mtambo huganda baada ya dakika 25 adhuhuri, na kamwe si usiku, hatabahatisha kwa kubadilisha kipuri kisichohusika.

Mnunuzi wa mtambo, mpya au uliotumika, ana haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 inaifafanua haki hiyo. Risiti ndiyo shahidi wake. Mtambo uliotumika ujaribiwe dukani kwa mchezo mzito kwa muda usiopungua saa moja, kwani wenye ugonjwa wa joto hauonyeshi dalili katika dakika tano za kwanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mtambo wa michezo ufa huo huwa vumbi la wiki moja au waya mwembamba wa shilingi chache. Atakayeanza na meza, brashi na daftari, akaja kwenye umeme, kisha diski, kisha Hali Salama, atafika kwa fundi akiwa na tatizo moja tu la kueleza, au hatahitaji kufika kabisa.